Montjuïc: ngome iliyojengwa kulinda mji, ikaishia kuulenga

Anayeingia Barcelona kwa meli hukiona kilima cha Montjuïc kabla hajauona mji wenyewe vizuri. Kiko upande wa kusini-magharibi, juu kabisa ya bandari, kina kimo cha takriban mita 173, na ubavu wake unaoelekea baharini umekatika ghafla na kuwa ukuta wa mawe. Kileleni kuna ngome yenye kuta nene, mahandaki mapana na mizinga ya zamani iliyoachwa pale kama ukumbusho. Mgeni hujisemea kwamba ngome hii iliwekwa pale ili kuulinda mji dhidi ya adui atokaye baharini, na si ajabu akafikiri hivyo. Hata hivyo, ukifuatilia matukio yake mwaka kwa mwaka utaona kwamba, kwa sehemu kubwa ya karne tatu, watu walioiogopa zaidi Montjuïc walikuwa ni wakazi wa Barcelona wenyewe.

Ili jambo hili lieleweke, ni lazima kutenganisha vitu vitatu ambavyo masimulizi mengi huvichanganya: kilima, ambacho ni cha kale; ngome, ambayo umri wake haufiki miaka 400; na mwenye ngome, ambaye amebadilika mara nyingi na ambaye mara nyingi hakuwa mji.

Tuanze na kilima. Kwa karne nyingi kabla ya kuwekewa boma, Montjuïc kilikuwa mahali pa kazi. Wayahudi wa Barcelona walizika wafu wao huko katika zama za kati, na mlinzi alikaa kwenye mnara kileleni kutazama vyombo vinavyokaribia pwani. Zaidi ya yote, kilima kilikuwa machimbo ya mawe. Kanisa la Santa Maria del Mar, lililojengwa kati ya 1329 na 1383 katika mtaa wa mabaharia na wafanyabiashara, lilijengwa kwa mawe yaliyotoka huko, na wapagazi wa bandarini, waliojulikana kama bastaixos, waliyabeba mgongoni bila malipo kama sadaka yao kwa kanisa. Ukifika mbele ya lango kuu utawaona hadi leo: sanamu ndogo za shaba zilizobandikwa kwenye mbao za mlango, kila mtu akiwa ameinama chini ya mzigo wake.

Kwa nini basi mahali pa juu namna hii, penye kuutazama mji wote, pasijengewe ngome kwa muda wote huo? Jibu liko katika silaha. Kutoka kileleni hadi mitaa ya mji wa kale ni mwendo wa kilomita mbili hivi. Mishale na mashine za kurusha mawe hazikuweza kufika huko, kwa hiyo aliyekishika kilima alipata macho tu, hakupata mkono. Mizinga ya baruti ilipoongezeka nguvu na masafa, hesabu ikabadilika. Kilima kilichokuwa kituo cha kutazamia kikawa mahali ambapo mtu angeweza kuuharibu mji bila kuukaribia.

Ngome ya kwanza ilizaliwa katika msukosuko wa 1640. Mwaka huo Wakatalunya, yaani watu wa Katalunya, jimbo ambalo Barcelona ni mji wake mkuu, waliasi dhidi ya Mfalme Felipe wa Nne wa Hispania, wakilalamikia kodi na mzigo wa kuwalisha na kuwalaza askari wa mfalme waliokuwa wakipigana na Ufaransa. Jeshi la mfalme lilipoanza kuelekea Barcelona, wakuu wa mji waliamuru kileleni pajengwe boma kwa haraka, na inasimuliwa kwamba kazi hiyo ilimalizika kwa muda wa siku 30 tu, kwa udongo, mbao na mawe ya palepale. Tarehe 26 Januari 1641 jeshi hilo lilikishambulia kilima, likarudishwa nyuma na Wakatalunya pamoja na wasaidizi wao Wafaransa. Hii ndiyo siku ambayo Montjuïc kilifanya hasa kazi ambayo wengi hudhani kilikuwa kikiifanya siku zote.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ana sababu ya kuukumbuka mwaka huo wa 1640. Tangu 1580 mfalme wa Hispania alikuwa pia mfalme wa Ureno, na ni katika kipindi hicho, mwaka 1593, Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus pale Mombasa kwa ramani ya mhandisi Mwitalia, Giovanni Battista Cairati. Wareno walijitoa katika utawala huo Desemba 1640, miezi michache baada ya uasi wa Katalunya kuanza, na uasi huo, kwa kuwa ulilibana jeshi la mfalme, uliwarahisishia kazi. Kwa hiyo ngome ya Mombasa ilibadilisha mfalme katika majira yaleyale ambayo ngome ya Montjuïc ilikuwa ikijengwa kumzuia mfalme huyohuyo. Hatima za ngome hizi mbili zitakutana tena hapo mbele kidogo.

Barcelona ilisalimu amri mwaka 1652 baada ya mzingiro mrefu na njaa. Hapa ndipo fundo lenyewe lilipo. Boma lililojengwa na mji kwa ajili ya mji likachukuliwa na mfalme, likawa mali ya jeshi lake, na tangu hapo wakazi hawakuwa tena na sauti juu ya nani akae kule juu. Mwishoni mwa karne hiyo lilipanuliwa likawa ngome kamili. Mtu akiuliza kwa nini ngome iliugeukia mji, sehemu kubwa ya jibu ni mwaka huu wa 1652, wala si tukio lolote la kishujaa au la kikatili lililofuata.

Vita vya kurithi kiti cha ufalme wa Hispania vilitoa mtihani wa pili. Septemba 1705 majeshi ya Waingereza na washirika wao, yakiongozwa na Lord Peterborough na Mwanamfalme Georg wa Hesse-Darmstadt, yalizunguka usiku na kukivamia kilima badala ya kuzishambulia kuta za mji. Georg aliuawa katika shambulio hilo, lakini siku chache baadaye bomu liliangukia ghala la baruti ndani ya ngome, mlipuko ukamwua kamanda, na walinzi wakajisalimisha. Mji ulikubali masharti mwezi Oktoba, chini ya mwezi mmoja tangu kilima kuanguka.

Kutokana na tukio hilo, waandishi wengi hurudia kusema kwamba mwenye Montjuïc ndiye mwenye Barcelona. Kauli hiyo inapendeza masikioni, lakini mzingiro mkubwa wa 1713 na 1714 unaikanusha. Majeshi ya Felipe wa Tano, mmoja wa waliogombea kiti hicho cha ufalme, hayakupitia kilimani kabisa; yalichimba mahandaki yao kwenye ardhi tambarare upande wa kaskazini-mashariki, yakazitoboa kuta kwa mizinga, na tarehe 11 Septemba 1714 yakaingia mjini huku ngome ya Montjuïc ikiwa bado mikononi mwa watetezi. Mji ukiisha kuanguka, ngome haikuwa na la kufanya ila kuufuata. Ningesema hivi: kilima kiliweza kuutesa mji, kuutisha na kuuharakisha kusalimu amri, lakini hakikuweza kuuokoa. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoeleza kwa nini wafalme walikithamini zaidi ya wakazi.

Felipe wa Tano alilielewa jambo hilo vizuri. Baada ya ushindi wake aliamuru sehemu kubwa ya mtaa wa La Ribera ibomolewe, na wakazi wake waondoke, ili pajengwe ngome nyingine kubwa iitwayo Ciutadella, kwa ramani ya mhandisi Joris Prosper van Verboom. Sasa Barcelona ilikaa kati ya ngome mbili za mfalme, moja tambarare upande wa kaskazini-mashariki na nyingine kilimani upande wa kusini-magharibi, na mizinga ya zote mbili iliweza kufika mitaani.

Majengo yanayoonekana leo kileleni ni kazi ya karne ya 18, kuanzia 1751, chini ya mhandisi wa kijeshi Juan Martín Cermeño. Inafaa kueleza kidogo jinsi ngome ya namna hii inavyofanya kazi, maana mgeni aliyezoea picha za minara mirefu hushangaa kuona kuta fupi. Ukuta mrefu na mwembamba huanguka haraka ukipigwa na mzinga; ukuta mfupi, mnene, uliojazwa udongo nyuma yake, humeza risasi. Mbele ya ukuta huchimbwa handaki pana na kavu, ili adui akishuka humo asipate pa kujificha. Katika pembe za ngome hutokezwa buruji zenye umbo la ncha ya mshale, na ubavu wa kila buruji hutazama uso wa jirani yake, hivi kwamba hakuna kipande cha ukuta ambacho askari wa ndani hawawezi kukipiga kutoka upande. Ni kanuni zilezile ambazo Cairati alizitumia Mombasa miaka zaidi ya 150 kabla, na aliyewahi kutembea kwenye handaki la Fort Jesus lililochongwa kwenye mwamba wa matumbawe atazitambua mara moja akifika Montjuïc, ingawa hapa jiwe ni la mchanga na ukubwa ni mara kadhaa.

Kuna tukio moja la amani ambalo nisingependa lipite, ingawa halihusu risasi. Mwishoni mwa 1792 mwanafalaki Mfaransa Pierre Méchain alipanda kilima hiki na vyombo vyake. Serikali ya mapinduzi ya Ufaransa ilikuwa imeamua kutunga kipimo kipya cha urefu kitokane na dunia yenyewe, yaani mita, na kazi ya Méchain na mwenzake Delambre ilikuwa kupima mstari kutoka Dunkerque hadi Barcelona. Majira ya baridi yale Méchain alipima nyota kutoka kwenye ngome ili kujua mahali hasa Montjuïc kilipo kwenye uso wa dunia. Machi 1793 Ufaransa na Hispania zikaingia vitani, na Mfaransa hakuruhusiwa tena kukaa ndani ya ngome ya jeshi la Hispania. Akapima upya kutoka kwenye nyumba ya wageni mjini, na majibu ya sehemu hizo mbili hayakulingana: yalipishana kwa takriban sekunde tatu za nyuzi, sawa na mita mia moja hivi ardhini. Méchain, mtu mwangalifu kupita kiasi, aliificha tofauti hiyo hadi kifo chake mwaka 1804. Mita tunayoitumia dukani na kwa fundi cherehani ilipitia, basi, mikononi mwa mtu aliyefungiwa lango la Montjuïc.

Mwaka 1808 jeshi la Napoleon liliitwaa ngome bila hata kupigana. Wafaransa walikuwa wamepokelewa mjini kama washirika. Tarehe 29 Februari walijipenyeza Ciutadella kwa hila, na kamanda wa Montjuïc, Mariano Álvarez de Castro, aliyetaka kukataa, aliamriwa na wakubwa wake kufungua malango. Walikaa hadi 1814.

Mwaka 1842 ndio ulioifanya Montjuïc kuwa jina la kuogofya. Novemba mwaka huo ugomvi ulizuka katika lango moja la mji, wafanyakazi walipojaribu kuingiza mvinyo bila kulipa ushuru. Ugomvi huo mdogo uliwasha hasira kubwa zilizokuwa tayari zimejaa: ushuru wa vyakula, kulazimishwa kuingia jeshini, na uvumi kwamba serikali ya Madrid, iliyoongozwa na Jenerali Espartero, ingefungua soko kwa vitambaa vya pamba vya Uingereza na kuviua viwanda vya Katalunya. Wananchi waliwafukuza askari mitaani, na askari wakakimbilia kilimani. Tarehe 3 Desemba, kwa amri ya Espartero, mizinga ya Montjuïc ilifyatua kwa muda wa saa 12 hivi. Hesabu iliyobaki ni ya mabomu 1,014 na nyumba 462 zilizobomolewa au kuharibiwa, pamoja na watu kadhaa waliouawa. Hata ukumbi wa kale wa baraza la mji ulipigwa. Mwaka uliofuata mji uliasi tena na ukapigwa tena.

Zingatia mahali askari walipokimbilia. Katika mfumo ule, ngome ilikuwa kimbilio la serikali dhidi ya wananchi, na adui wa kutoka baharini alikuwa jambo la nadharia. Utaratibu huohuo uliathiri hata umbo la mji: nje ya kuta palikuwa na eneo ambalo jeshi lilikataza kujenga, ili mizinga isizuiwe na nyumba. Barcelona ya viwanda ikajibana ndani ya kuta zake, ghorofa juu ya ghorofa, na kipindupindu kikapita humo kwa urahisi. Kuta zilianza kubomolewa 1854, na ni katika eneo lile tupu mhandisi Ildefons Cerdà alipochora mwaka 1859 mitaa ya mraba ya Eixample ambayo leo hupigwa picha na kila mtalii. Wachache kati yao wanajua kwamba nafasi ile ilikuwepo kwa sababu ya mizinga.

Mizinga ilipopitwa na wakati, kuta zilipata kazi nyingine. Tarehe 7 Juni 1896 bomu lilirushwa kwenye maandamano ya kidini mjini, watu 12 wakafa, na polisi wakakamata mamia ya watu wenye siasa za mrengo wa kushoto au walioshukiwa tu kuwa nazo. Walifungwa Montjuïc, wengi waliteswa ili wakiri, na mahakama ya kijeshi ikawahukumu. Watano walipigwa risasi Mei 1897. Habari za mateso zilivuka mipaka, na Agosti mwaka huo Michele Angiolillo, mwanaharakati Mwitalia, alimwua Waziri Mkuu Antonio Cánovas del Castillo akisema kwamba analipiza kisasi cha Montjuïc. Katikati ya mkasa huo, Oktoba 1896, mwandishi na daktari Mfilipino José Rizal aliwekwa katika ngome hiyo kwa saa chache, kisha akapakiwa melini kurudishwa Manila, ambako aliuawa tarehe 30 Desemba. Mwalimu Francisco Ferrer, mwanzilishi wa shule zisizo za kanisa, alipigwa risasi kwenye handaki la ngome tarehe 13 Oktoba 1909. Mwaka 1919, wakati wa mgomo mkubwa ulioanzia katika kampuni ya umeme, wafanyakazi wapatao 3,000 walifungiwa humo, lakini mgomo ulimalizika kwa amri ya serikali iliyoweka siku ya kazi ya saa nane.

Mombasa ilipita njia hiyohiyo katika miaka hiyohiyo. Waingereza waliigeuza Fort Jesus kuwa gereza mwaka 1895, nayo ikabaki hivyo hadi 1958. Handaki lililochimbwa kumzuia adui asiingie humzuia mfungwa asitoke kwa ufanisi uleule, na serikali haihitaji kujenga upya.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania (1936 hadi 1939), kati ya serikali ya Jamhuri na wanajeshi walioiasi, vilileta wafungwa wa pande zote mbili, na hapa ndipo masimulizi ya siku hizi huwa na upogo. Jenerali Manuel Goded na Jenerali Álvaro Fernández Burriel, walioongoza uasi wa kijeshi wa Julai 1936 mjini Barcelona, walipigwa risasi katika handaki la Montjuïc tarehe 12 Agosti 1936 na upande wa Jamhuri, na wengine wakafuata. Majeshi ya Jenerali Franco, kiongozi wa waasi hao, yaliuteka mji tarehe 26 Januari 1939, siku ileile ya mwaka ambayo boma la kwanza lilishinda mwaka 1641. Baada ya hapo risasi zilielekezwa kwa wengine. Lluís Companys, rais wa serikali ya Katalunya, alikamatwa Ufaransa na Wajerumani mwaka 1940, akakabidhiwa kwa Franco, na akauawa kwenye handaki la Santa Eulàlia alfajiri ya tarehe 15 Oktoba. Kaburi lake liko upande wa pili wa kilima, katika machimbo ya zamani ambamo watu wengi waliouawa na utawala huo walizikwa kwa pamoja. Ni haki Companys akumbukwe zaidi, kwa kuwa alikuwa rais aliyechaguliwa. Lakini anayeeleza Montjuïc bila kutaja waliouawa humo mwaka 1936 anaeleza nusu.

Miteremko ya kilima ilikuwa na maisha mengine wakati huohuo. Maonyesho ya kimataifa ya 1929 yaliacha makasri, chemchemi na uwanja wa michezo. Maelfu ya watu maskini walijenga vibanda hapo na kuishi humo kwa miongo kadhaa. Na Julai 1936 uwanja uleule ulikuwa tayari kupokea Olimpiki ya Watu, iliyoandaliwa kupinga ile ya Berlin chini ya Hitler, lakini uasi wa kina Goded ulianza mjini siku ileile ya ufunguzi. Olimpiki yenyewe ilifika mwaka 1992. Wakenya wenye umri wa kutosha wanaukumbuka uwanja huo bila kujua habari za ngome: hapo Matthew Birir, Patrick Sang na William Mutwol walichukua medali zote tatu za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na William Tanui akashinda mita 800 mbele ya Mkenya mwenzake, Nixon Kiprotich.

Limebaki swali moja: kwa nini Ciutadella ilibomolewa na Montjuïc ikasalia, ilhali zote mbili zilichukiwa? Ciutadella ilikalia ardhi tambarare ambayo mji uliokuwa ukikua uliihitaji. Serikali ya mapinduzi ya 1868 ilipoingia, Jenerali Prim aliikabidhi kwa manispaa mwaka 1869. Kuta zikaangushwa, bustani ikapandwa, na katika jengo lake la kuhifadhia silaha, mojawapo ya majengo machache yaliyoachwa, ndimo Bunge la Katalunya linamokutana leo. Kilele cha Montjuïc hakikuwa na mnunuzi, na jeshi liliendelea kukiona kuwa na faida kwa muda wa karne nzima zaidi. Mwaka 1960 Franco alitangaza kuutunukia mji ngome hiyo, lakini kilichofunguliwa mwaka 1963 kilikuwa makumbusho ya kijeshi chini ya usimamizi wa jeshi. Manispaa ya Barcelona iliipata hasa mwaka 2007, na makumbusho hayo yakafungwa mwaka 2009. Tangu 1652 hadi hapo, ukiondoa vipindi vifupi vya vita, mji ulikuwa haujawa na ufunguo wa lango lake.